Blaise Pascal na Swali la Sifuri Kutoa Nne

Mwalimu anayefundisha kutoa katika shule ya msingi hafiki mbali kabla ya kuulizwa swali hili: sifuri kutoa nne ni ngapi? Wako wanafunzi watakaosema kuwa haiwezekani. Wako watakaosema kuwa inabaki sifuri, kwa sababu asiye na kitu hawezi kupokonywa kitu. Wachache, waliokwisha kusikia habari za deni au za baridi inayoshuka chini ya sifuri, watasema kuwa ni hasi nne. Majibu hayo matatu ni ya zamani sana, na wenye akili kubwa wameyagombania kabla ya wanafunzi wetu.

Katika makala haya tutasimulia maisha ya Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na mwaka 1662. Tumemchagua kwa kuwa alitengeneza mashine ya kuhesabu ambayo ndani yake jibu la hasi nne lilikuwamo, na hali yeye mwenyewe hakulikubali. Tofauti hiyo kati ya mashine na fundi wake inatufunza jambo linalomhusu mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa Kusoma pia, nalo ni kwamba alama haijitambulishi yenyewe. Hupata maana yake kwa makubaliano ya wale wanaoisoma.

Malezi na Masomo

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni, 1623, katika mji wa Clermont, katikati ya Ufaransa. Baba yake, Étienne, alikuwa ofisa wa mahakama ya kodi, tena mjuzi wa Hisabati. Mama yake, Antoinette, alifariki Blaise akiwa na umri wa miaka mitatu tu, akaacha watoto watatu: Gilberte, Blaise na Jacqueline. Mwaka 1631 Étienne alihamia Paris pamoja na wanawe. Hakumpeleka Blaise shuleni. Alimfundisha mwenyewe nyumbani.

Étienne alikuwa na kanuni yake ya ufundishaji. Aliamini kwamba mtoto apewe kazi ambayo nguvu zake zimekwisha kuizidi, asije akalemewa nayo. Kwa hiyo aliahirisha somo la Kilatini hadi Blaise afikishe miaka kumi na miwili, na Hisabati aliiahirisha zaidi ya hapo, akaviondoa vitabu vyake vyote mbele ya macho ya mtoto. Lakini kizuizi hicho kilizidisha hamu. Dada yake, Gilberte, ameandika kwamba Blaise, akiwa na miaka kumi na miwili, alikutwa akichora kwa makaa sakafuni, akitafuta peke yake uhusiano wa pembe za pembetatu. Kwa kuwa hakuna aliyemfundisha majina ya kitaalamu, alijitungia yake: duara aliliita mviringo, na mstari aliuita ufito.

Huenda simulizi hilo limetiwa chumvi kidogo na mapenzi ya dada kwa kaka yake. Hata hivyo linafaa kutafakariwa na kila mwalimu. Mtoto yule alikuwa amelishika jambo lenyewe kabla ya kulijua jina lake. Wangapi kati ya wanafunzi wetu wamelishika jina bila ya kulijua jambo? Baba yake alipoona hivyo aliacha kanuni yake, akampa kitabu cha Jiometri cha Euclid. Mwaka 1640, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, Blaise alichapisha karatasi juu ya mikato ya pia ambayo iliwastaajabisha wataalamu wa Paris.

Mashine kwa Ajili ya Baba

Mwaka huo huo wa 1640 familia ilikuwa imehamia Rouen, katika jimbo la Normandy, ambako Étienne alipewa kazi ya kusimamia ukadiriaji wa kodi. Kazi hiyo ilikuwa ya hesabu usiku na mchana. Tena fedha za Ufaransa za wakati ule hazikwenda kwa makumi: livre moja ilikuwa na sol ishirini, na sol moja ilikuwa na denier kumi na mbili, mfano wa pauni, shilingi na peni za Waingereza kabla ya mwaka 1971. Kujumlisha orodha ndefu za fedha za namna hiyo kulichosha na kulileta makosa mengi.

Mwaka 1642, alipokuwa akikaribia au ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na tisa, Blaise alianza kubuni mashine ya kumpunguzia baba yake mzigo huo. Ilimchukua miaka mitatu na, kwa maelezo yake mwenyewe, vielelezo zaidi ya hamsini, kabla ya kuridhika nayo mwaka 1645. Kuna wakati alikata tamaa kabisa. Fundi mmoja wa saa wa Rouen, aliyesikia habari tu za mashine hiyo, alitengeneza ya kuiga, nzuri kwa nje lakini isiyofanya kazi, na Pascal alipoiona aliwaachisha kazi mafundi wake. Alirudi kazini baada ya kutiwa moyo na Séguier, Mkuu wa Sheria wa Ufaransa, ambaye ndiye aliyetunukiwa mashine hiyo. Mwaka 1649 mfalme alimpa Pascal hati ya haki ya kuitengeneza peke yake, na mwaka 1652 mashine moja ilipelekwa kwa Malkia Christina wa Sweden. Hata hivyo ilikuwa ghali, nazo ziliuzwa chache. Baadhi yake zipo hadi leo katika majumba ya makumbusho, yakiwemo ya Paris.

Jinsi Mashine Ilivyotoa

Mashine hiyo, iliyokuja kuitwa Pascaline, ilikuwa sanduku la shaba lenye safu ya magurudumu: moja la mamoja, moja la makumi, moja la mamia, na kuendelea. Baadhi zilikuwa na magurudumu sita, nyingine manane. Mtumiaji alichomeka kijiti katika gurudumu akalizungusha, na tarakimu ikaonekana katika kidirisha kilicho juu yake. Gurudumu lilipovuka tisa kurudi sifuri, kizito kidogo kilichokuwa kimeinuliwa pole pole kiliporomoka na kulisukuma gurudumu la kushoto hatua moja. Huko ndiko kubeba tunakokufundisha ubaoni, nako kulifanywa na uzito wa chuma.

Lakini utaratibu huo wa kizito ulikuwa na sharti lake: magurudumu yaliweza kwenda upande mmoja tu. Mashine ilijua kujumlisha, na haikuweza kurudi nyuma. Je, ingetoaje?

Pascal alilitatua tatizo hilo kwa njia ya ajabu kwa wepesi wake. Juu ya kila silinda aliandika safu mbili za tarakimu. Safu ya kwanza ilipanda kutoka sifuri hadi tisa, na ya pili ilishuka kutoka tisa hadi sifuri, hivyo kwamba kila tarakimu na mwenzake hufanya tisa: mbili kwa saba, tatu kwa sita, sifuri kwa tisa. Kipande kirefu cha shaba kiliweza kusogezwa juu au chini ili kuziba safu moja na kuacha nyingine wazi. Silinda iliyokwenda mbele kwa safu ya kwanza ilikuwa, wakati huo huo, ikirudi nyuma kwa safu ya pili.

Tuchukue mfano wa 582 kutoa 136 kwa mashine ya magurudumu matatu. Tunafungua safu ya pili na kuzungusha hadi isomeke 582. Safu ya kwanza, iliyofichwa, sasa ina 417. Kisha tunazungusha mbele, kama tunaojumlisha, 136. Safu iliyofichwa inafika 553, na ile iliyo wazi inasomeka 446, nalo ndilo jibu sahihi. Gurudumu halikurudi nyuma hata hatua moja. Tulichobadili ni safu tunayoisoma.

Jibu Alilolikataa

Sasa tuipe mashine hiyo swali la wanafunzi wetu. Tufanye safu ya pili isomeke 000, kisha tuzungushe nne mbele. Safu iliyofichwa inatoka 999, inapita kilele chake na kufika 003. Safu iliyo wazi inasomeka 996. Hilo ndilo jibu la mashine kwa sifuri kutoa nne.

Msomaji atasema kuwa mashine imekosea. Ngojeni kwanza. Tujumlishe 996 na 7: tunapata 1003, na kwa kuwa magurudumu ni matatu, elfu inapotea na kubaki 003. Hasi nne kujumlisha saba ni tatu. Namba 996 imetenda kazi ile ile ambayo hasi nne ingeitenda! Watu wakikubaliana mapema kwamba, katika mashine ya magurudumu matatu, namba kutoka 0 hadi 499 zisomwe kama zilivyo, na kutoka 500 hadi 999 zisomwe kwa kuondoa elfu moja, basi 996 ni hasi nne, na mashine haina kosa. Wasipokubaliana hivyo, ni mia tisa tisini na sita. Silinda ni zile zile, shaba ni ile ile.

Pascal alikuwa na silaha hiyo mkononi, naye hakuitumia kwa kazi hiyo. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1670, baada ya kifo chake, kwa jina la Pensées, alitaja kwamba sifuri kutoa nne hubaki sifuri, na alilitaja kama mfano wa ukweli ulio wazi ambao baadhi ya watu hushindwa kuuelewa. Yaelekea kwake namba ilikuwa wingi wa vitu, na chini ya kutokuwa na kitu hapakuwa na mahali pa kwenda. Hakuwa peke yake. Wataalamu wengi wa Ulaya wa karne ile walizionea shaka namba hasi. Lakini huko India, mwaka 628, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pascaline, Brahmagupta alikuwa amekwisha kuandika kanuni za kuzijumlisha na kuzizidisha, akiziita deni, na namba chanya akiziita mali.

Kwa hiyo mwanafunzi anayejibu kuwa inabaki sifuri asichekwe. Anafikiri kama alivyofikiri mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya. Anachokosa ni kuambiwa kwamba tumebadili makubaliano: jana tulihesabu maembe, leo tunahesabu mali na deni.

Herufi na Sauti Zake

Walimu wachache wanajua kwamba Pascal aligusa pia ufundishaji wa kusoma. Dada yake mdogo, Jacqueline, aliingia utawani Port-Royal mwaka 1652, na huko alifundisha wasichana wadogo. Wakati ule watoto wa Kifaransa walisomeshwa kwa kutaja majina ya herufi, kisha wakatakiwa waunganishe majina hayo wapate neno. Mtoto aliyekariri jina la kila konsonanti, pamoja na irabu inayolifuata jina hilo, alitatizika kujua ni ipi ya kutupa na ipi ya kubakiza. Njia iliyopendekezwa na Pascal ilikuwa kuifundisha konsonanti kwa sauti inayoileta katika neno, bila ya jina lake. Mwaka 1655 Jacqueline alimwandikia kaka yake kumwuliza ufafanuzi wa njia hiyo, na mwaka 1660 njia hiyo ilielezwa katika kitabu cha sarufi cha Port-Royal.

Hapa tena tunakutana na jambo lile lile. Herufi moja ina jina na ina sauti, na mwalimu asiposema ni kipi anachokitaka kwa wakati ule, mtoto atatoa jibu ambalo ni sahihi kwa makubaliano mengine. Katika Kiswahili tunafundisha ba, be, bi, bo, bu, na silabi zetu hutuokoa na taabu nyingi. Lakini mtoto anapopewa herufi b peke yake, hapana budi aambiwe kama anatakiwa aitaje jina au aitoe sauti.

Miaka ya Mwisho

Maisha ya Pascal yalikuwa mafupi, na alisumbuliwa na maradhi tangu ujana. Tarehe 19 Septemba, 1648, kwa maagizo yake, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na mrija wa zebaki, na ikathibitika kwamba zebaki hushuka kadiri mtu anavyopanda, kwa kuwa uzito wa hewa hupungua. Mwaka 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya mgawanyo wa fedha za mchezo wa bahati uliokatizwa, na humo zikawekwa nguzo za hesabu za uwezekano. Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huo huo alipata mguso mkubwa wa kidini, na tangu hapo aliyaelekeza maisha yake zaidi katika mambo ya imani. Hata hivyo hakuacha kufikiria raha ya watu: mwaka 1662 alishiriki kuanzisha magari ya farasi ya abiria mjini Paris, yaliyopita njia maalumu kwa nauli moja ya sol tano. Alifariki tarehe 19 Agosti mwaka huo, nyumbani kwa Gilberte, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Kutoka Gurudumu hadi Kompyuta

Swali la silinda mbili-safu halikuzikwa pamoja naye. Kompyuta za leo zina magurudumu yao, ila kila moja lina tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Gurudumu kama hilo huitwa biti. Biti nane kwa pamoja huitwa baiti, nazo huweza kupangwa kwa namna 256. Zikisomwa moja kwa moja, ni namba kutoka 0 hadi 255. Lakini twaweza kukubaliana, kama tulivyofanya kwa magurudumu matatu, kwamba zile kutoka 128 hadi 255 zisomwe kwa kuondoa 256. Hapo tunapata namba kutoka hasi 128 hadi 127. Sifuri kutoa nne ndani ya baiti huacha mpangilio ambao kwa usomaji wa kwanza ni 252, na kwa usomaji wa pili ni hasi 4. Usomaji wa kwanza huitwa usio na ishara, na wa pili huitwa wenye ishara.

Jambo hili lilizua utata mkubwa katika lugha ya kuandikia programu iitwayo C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mapema katika miaka ya 1970. Katika lugha hiyo herufi huhifadhiwa kwa aina ya data iitwayo char, ambayo kwa kweli ni namba ndogo, kwa kawaida ya baiti moja. Je, namba hiyo ina ishara au haina? Kanuni rasmi za lugha hiyo za mwaka 1989 zilimruhusu mwandishi wa programu aseme wazi kwa kuandika signed char au unsigned char. Asiposema, kila mtengenezaji wa mfumo alipewa uhuru wa kuamua, kwa kuwa mashine za kampuni mbalimbali zilikuwa zimekwisha kuzoea njia tofauti. Hivyo programu ile ile huweza kutoa majibu mawili katika kompyuta mbili.

Tena hitilafu hiyo hujificha. Herufi za Kiswahili, kuanzia A ambayo ni 65 hadi z ambayo ni 122, zote ziko chini ya 128, na usomaji wote wawili huzipa thamani ile ile. Mtu aweza kuijaribu programu yake kwa majina elfu ya Kiswahili au Kiingereza asione kosa. Siku moja analetewa jina la Étienne, baba yake Pascal. Katika orodha ya herufi iliyozoeleka kwa lugha za Ulaya ya Magharibi, herufi É ni 201. Kwa usomaji wenye ishara inakuwa hasi 55. Kama programu hutumia thamani ya herufi kutafuta kisanduku katika safu ya visanduku, sasa inatafuta kisanduku cha hasi 55, kilicho nyuma ya kile cha kwanza, mahali ambapo safu hiyo haipo kabisa.

Inafaa kuongeza kwamba mwaka 1970 Niklaus Wirth wa Uswisi aliitoa lugha nyingine ya kompyuta, aliyoikusudia hasa kwa kufundishia, akaipa jina la Pascal. Katika lugha hiyo herufi haihesabiwi kuwa namba. Anayetaka namba yake lazima aiombe waziwazi. Mwalimu Wirth aliona kwamba anayejifunza afaidike kwa kuelezwa wazi yale ambayo mjuzi huyaacha kimya.

Yatupasayo Darasani

Kutokana na maisha haya tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wanaojiandaa kwenda mazoezini.

Kwanza, kabla ya kufundisha namba hasi, mwalimu ataje makubaliano. Awaambie wanafunzi kwamba katika kuhesabu vitu, jibu la sifuri kutoa nne halipo. Na katika kuhesabu mali na deni, au ngazi za juu na chini ya alama ya sifuri, jibu ni hasi nne. Alama ya kutoa na alama ya hasi zinafanana kwa umbo, na mwanafunzi hawezi kuzitenga kama hajaambiwa.

Pili, zana ya Pascal yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Chukueni makopo matatu yanayolingana. Zungushieni kila kopo ukanda wa karatasi wenye safu mbili: juu 0 hadi 9, na chini ya kila tarakimu mwandike mwenzake anayetimiza tisa. Yapangeni makopo hayo nyuma ya kadibodi iliyokatwa vidirisha, na wekeni kipande cha kuziba safu moja. Mwanafunzi mmoja asimame kwa kila kopo. Anayevuka tisa kurudi sifuri katika safu ya juu amguse mwenzake wa kushoto ili naye asogeze hatua moja. Wakimaliza 582 kutoa 136, waacheni wajaribu sifuri kutoa nne, na muwasikilize wakijadiliana juu ya 996 kabla ya kuwapa jibu.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mwalimu achague mifano inayotenganisha maana. Mwanafunzi anayejua kwamba tano kutoa mbili ni tatu hajaonyesha kuwa anazielewa namba hasi, kama vile programu iliyosoma herufi za Kiswahili haijaonyesha kuwa itasoma jina la Étienne. Mazoezi ishirini ya aina moja yaweza kutiwa alama ya sahihi yote, na huku mtoto amebeba maana nyingine kabisa kichwani. Swali moja tu lililochaguliwa vizuri, mahali ambapo maana mbili hutoa majibu mawili, humfunulia mwalimu mtoto anasoma safu ipi.